Mkonge Umetufundisha: Tutazame Mbele Bei Ikiwa Bado Nzuri

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, wakulima na vijana mjini Korogwe)



Tumepewa kazi ya kuzungumza juu ya jambo ambalo jina lake ni kubwa, lakini maana yake si ngeni kwa mtu yeyote aliyekaa hapa. Jambo lenyewe ni hili: namna taifa linavyoweza kutazama mbele, lipate kujua lizalishe nini, livumbue nini, na lifanye nini ili maisha ya watu wake yasiwe mikononi mwa zao moja au mnunuzi mmoja.

Tangazo la mkutano huu lilipobandikwa, mzee wetu mmoja alituuliza, "Wanangu, nanyi mmeanza kupiga ramli?" Waliokuwapo walicheka, nasi tukacheka. Lakini swali la mzee ni swali la haki, na yafaa tulijibu kwanza.

Hatupigi ramli. Ya kesho anayajua Mwenyezi Mungu. Lakini mvuvi wa Tanga naye hajui ya kesho, na bado hatoki baharini bila kutazama upepo. Anajua kaskazi ikilegea na kusi ikikaribia lazima abadili safari zake. Mkulima wa Usambara hajui mvua ya masika itakuwa kiasi gani, na bado anaweka mbegu, na halimi shamba lote mahindi matupu. Watu hawa hawasemi kwamba wameiona kesho. Wanasema: kesho inaweza kuja hivi, au hivi, au hivi, basi na tujiweke tayari. Dalili ya mvua ni mawingu. Mwenye kuyaona mawingu akaanua nguo zake si mpiga ramli. Ni mtu mwenye akili.

Basi kile afanyacho mvuvi na mkulima, mataifa mengine yamekifanya kuwa elimu na kazi ya serikali. Na sisi twasema kwamba nchi yetu ina haja nayo kuliko nyingi, kwa kuwa sisi watu wa mkoa huu tumekwisha kuona kwa macho yetu gharama ya kutokuwa nayo.

MKONGE NA MIAKA KUMI YA MAWINGU

Tuanze na habari ya nyumbani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yalizaliwa mashamba yaliyofuata reli kutoka Tanga mpaka Moshi, na baadaye yakaenea Morogoro, Kilosa na Lindi. Wazee wetu waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji, wakaitwa manamba, wakapewa kipande, wakakata majani alfajiri mikono ikichomwa na miiba. Jasho la watu hao ndilo lililoifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge.

Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950 bei ilipanda mno. Mwaka 1951 mkonge peke yake ulileta zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote tulizouza nje. Mwaka 1964 nchi ilitoa karibu tani 230,000 za singa. Wakati huo mtu angesimama Korogwe akasema kwamba mkonge utaanguka, angeambiwa ameingiwa na wazimu.

Lakini mawingu yalikwisha kutanda, ndugu zangu. Mwaka 1954, huko Milano, Italia, mwalimu wa kemia aitwaye Giulio Natta alipata njia ya kutengeneza kitu kipya kutokana na gesi ya viwanda vya mafuta. Kitu hicho ni polipropilini, aina ya plastiki. Mwaka 1957 kiwanda kilianza kuitengeneza kwa kuuza. Mwaka 1963 Natta na mwenzake Karl Ziegler wa Ujerumani walipewa Tuzo ya Nobel kwa uvumbuzi wao. Haikuwa siri. Iliandikwa katika magazeti ya dunia nzima. Plastiki hiyo huvutwa ikawa nyuzi, nyuzi zikasokotwa zikawa kamba, na kamba hizo hazihitaji mvua, wala miaka ya kungoja, wala korona ya kuchana majani.

Na mkonge wetu ulinunuliwa kwa kazi gani hasa? Ulinunuliwa kwa kamba za meli, na zaidi kwa kamba za kufungia nyasi kavu za mifugo katika mashamba ya Ulaya na Marekani. Ni kazi ile ile ambayo plastiki ilikuja kuifanya kwa bei ndogo. Baada ya 1964 bei ilianza kushuka. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, lakini tulipokea mikononi mwetu mali ambayo soko lake lilikuwa limekwisha kupasuka. Kufika mwaka 2000 nchi ilitoa tani zipatazo 20,000 tu. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya mavuno ya 1964. Brazil ikatupita. Korona zikanyamaza, nyumba za wafanyakazi zikaota majani, na watoto wa manamba wakabaki bila kazi na bila ardhi.

Hesabuni wenyewe. Kutoka 1954 mpaka 1964 ni miaka kumi. Kwa miaka kumi mawingu yalionekana wazi. Kwa nini hatukuanua nguo?

SABABU NNE

Sisi tuliosomea ualimu tumefundishwa kwamba mwanafunzi akikosea hesabu haitoshi kumwonyesha jibu. Lazima ujue alipokosea. Basi na tutafute tulipokosea.

Sababu ya kwanza: jicho halikuwa letu. Mashamba yalikuwa ya wageni, na hukumu juu yake zilitolewa mbali na hapa. Aliyekata jani hakuulizwa, wala hakuambiwa singa yake inakwenda kufanya kazi gani. Mwenye shamba akiona hatari aliweza kuhamisha fedha zake. Mkata mkonge hakuwa na pa kuhamia. Hii ndiyo maana ya kutawaliwa, ndugu zangu: kwamba mwingine anaona kwa niaba yako, na akiona hatari anajiokoa yeye.

Sababu ya pili: bei nzuri hulevya. Mwaka 1951 na mwaka 1963 fedha zilikuwa zikiingia. Nani huuliza maswali magumu siku ya harusi? Lakini siku hizo ndizo zilizokuwa za kuuliza, kwa sababu ndipo fedha ya kutafutia njia nyingine ilipokuwapo. Bei ikishaanguka, kila mtu huona, lakini hapana tena senti ya kufanyia kazi.

Sababu ya tatu: utaalamu wetu ulitazama upande mmoja. Hapa karibu, Mlingano, palijengwa kituo cha utafiti wa mkonge katika miaka ya 1930, na wataalamu wake walifanya kazi ya kusifiwa. Walizalisha mkonge chotara unaoitwa 11648, ambao hutoa majani mengi zaidi. Lakini kazi yao kubwa ilikuwa kuongeza mavuno ya singa. Kuongeza kile unachouza ni jambo jema, lakini si sawa na kujiuliza kama mnunuzi atakuwapo. Katika kila kilo 100 za jani la mkonge, singa kavu ni kilo 4 tu hivi. Zile 96 nyingine tulizitupa mitoni kwa miaka mingi. Ni katika miaka ya 2000 tu, huko Hale, takataka hizo zilipoanza kugeuzwa gesi ya kuendeshea umeme. Je, swali hilo halikuweza kuulizwa mwaka 1955?

Sababu ya nne: hata kama mtu mmoja aliona, hapakuwa na njia ya kuyageuza macho yake kuwa kitendo. Kuona bila fungu la fedha na bila amri ni sawa na kuota.

WENZETU WALIFANYAJE?

Wengine husema, "Haya ni majaliwa ya nchi maskini. Zao likianguka limeanguka." Sisi hatukubali. Tutazameni nchi mbili zilizokuwa katika hali ya kufanana na yetu.

Ya kwanza ni Malaya, ambayo leo ni sehemu ya Malaysia. Wao walikuwa na mpira kama sisi tulivyokuwa na mkonge. Vita vya pili vya dunia vilipofika kwao mwaka 1941, Marekani ilikosa mpira wao, ikajenga viwanda vya mpira wa kutengenezwa. Vita vikaisha, viwanda vikabaki. Adui alikuwa wa aina moja na wetu: kitu cha kiwandani kilichokuja kuchukua kazi ya kitu cha shambani. Wao walifanya nini? Walitoza ushuru katika kila mpira uliouzwa nje, na tangu miaka ya 1950 fedha hiyo ikatumika kung'oa miti mizee na kupanda mipya yenye mavuno makubwa, ili mpira wao uweze kushindana kwa bei. Kisha hawakuishia hapo. Mwaka 1956 waliunda shirika la kuwapa wakulima maskini ardhi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 shirika hilo likaanza kuwapandisha michikichi. Walitembea kwa miguu miwili: mguu mmoja ulilinda zao la zamani, na mguu wa pili ulitafuta jipya.

Na tusisahau, ndugu zangu, kwamba mchikichi ni mti wa Afrika Magharibi. Upo Kigoma tangu zamani za babu zetu. Leo Malaysia ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mafuta ya mawese duniani, nasi Watanzania bado twaagiza mafuta ya kula kutoka nje. Hatusemi kwamba walifanya yote vizuri, maana misitu mingi iliangamia na dunia inawalaumu kwa hilo. Twasema kwamba waliona, na walitenda.

Nchi ya pili ni Mauritius, kisiwa kidogo katika bahari yetu hii ya Hindi. Ilipopata uhuru mwaka 1968, zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mauzo yake ya nje zilikuwa sukari. Miaka michache kabla, mwaka 1961, mtaalamu wa uchumi wa Kiingereza, James Meade, alitoa taarifa yenye maneno ya kutisha: watu wanaongezeka upesi, miwa haiwezi kuwalisha wote, na pasipokuwa na kazi nyingine taabu itakuwa kubwa. Watu wa Mauritius hawakukaa wakalia. Mwaka 1970 walitunga sheria ya kuvuta viwanda vya kuuza nje. Katika miaka ya 1970 bei ya sukari ilipopanda, baadhi ya faida ya sukari iliingia katika viwanda vya nguo. Baadaye wakaongeza utalii, kisha kazi za fedha. Mwaka 2006 Ulaya ilipoanza kupunguza bei maalumu ya sukari yao, na kuishusha kwa asilimia 36 katika miaka minne, pigo lile liliumiza lakini halikuua. Makapi ya miwa yao huchomwa yakatoa umeme.

Hapa pana jambo la kulifikiri sana. Meade alisema taabu inakuja, na taabu ile haikuja kwa kiasi alichohofia. Je, alikosea? Sisi twasema maneno yake yalifanya kazi. Utabiri ulio bora kabisa ni ule ambao watu wakiusikia huamka wakauzuia usitimie. Asiyejua maana ya elimu hii husubiri aone kama mtabiri alipatia. Anayejua huuliza: tulipoambiwa, tulifanya nini?

Na Mauritius inatufundisha jambo la pili. Mwaka 2005 mapatano ya dunia yaliyogawa soko la nguo kwa mafungu yalikwisha, viwanda vya nguo vya Asia vikaingia kwa nguvu, na wafanyakazi wengi wa nguo kisiwani, wengi wao wanawake, wakapoteza kazi. Hata mlango mpya huweza kufungwa. Kwa hiyo kutazama mbele si kazi ya siku moja. Ni zamu ya ulinzi isiyo na mwisho.

KAZI YENYEWE HUFANYWAJE?

Labda mtauliza: taifa hutazamaje mbele? Kazi yenyewe haina uchawi.

Kwanza, hukusanya dalili: uvumbuzi mpya, sheria mpya za wanunuzi, mabadiliko ya mvua, idadi ya watoto wanaozaliwa, bei za mizigo. Pili, huwauliza wenye kujua, wengi, kila mmoja peke yake, kisha huwaonyesha majibu ya wenzao na kuwauliza tena, ili mwenye sauti kubwa asiwameze wengine. Japani ilianza kufanya hivyo mwaka 1971, ikawauliza wataalamu wake juu ya miaka 30 ya mbele, na imekuwa ikirudia kila baada ya miaka michache. Tatu, huchora njia tatu au nne za mambo yanavyoweza kuwa, njema na mbaya, na hutafuta vitendo vitakavyofaa katika zote. Nne, hupeleka matokeo mahali penye mamlaka na fedha.

Ufini ni mfano wa hilo la nne. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, nchi hiyo ilipoteza mnunuzi mkubwa kwa ghafula, ikaingia katika dhiki. Mwaka 1993 Bunge lake liliunda Kamati ya Mambo Yajayo, na mwaka 2000 ikafanywa ya kudumu. Serikali hupaswa kuleta mbele ya Bunge taarifa juu ya miaka ijayo, nalo Bunge huijibu. Mambo yajayo hayakuachwa kuwa mazungumzo ya maprofesa. Yamekuwa deni la serikali kwa wananchi.

Nasi tunayo Dira. Dira ya 2025 ilituongoza robo karne, na mwaka 2025 imezinduliwa Dira ya 2050. Tume ya Mipango imerudishwa kwa sheria ya mwaka 2023. Haya ni mema, na tunayaunga mkono. Lakini tusichanganye mambo mawili. Dira hueleza tunakotaka kufika. Kutazama mbele huuliza njiani kuna nini. Nahodha huhitaji dira, na pia huhitaji mtu juu ya mlingoti anayetazama miamba. Dira peke yake haikuweza kutuambia kwamba mwaka 2020 ugonjwa ungefunga viwanja vya ndege na watalii wangekoma kuja. Lakini swali lingeweza kuulizwa mapema: siku watalii wakikosekana, Arusha na Zanzibar watakula nini? Kuwa na njia nyingi za uchumi si kuwa na orodha ndefu ya bidhaa. Ni kuwa na njia ambazo haziangushwi zote na pigo moja.

MAWINGU YA LEO

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo jambo lenyewe linapotuhusu. Vijana wengi waliomo humu wanafikiri kupanda mkonge. Serikali imeuweka mkonge katika mazao ya mkakati, na wakulima wadogo wanahimizwa. Sisi hatukuja kuwakataza. Lakini mkonge hukatwa mara ya kwanza baada ya miaka karibu mitatu, nao huendelea kukatwa kwa miaka mingi mpaka utoe mti wake mrefu wa maua, kisha ufe. Kwa hiyo kijana anayepanda mche leo amekwisha kutoa hukumu juu ya miaka zaidi ya kumi ya mbele, apende asipende. Je, apewe mche tu, au apewe na habari?

Habari zipo, na nyingine ni njema. Plastiki iliyomwangusha baba yake sasa inasakwa. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, na mwaka huo huo Ulaya ilitunga sheria dhidi ya vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja. Wingu hili lina mvua ya baraka kwa mwenye mkonge. Lakini je, tutauza singa ghafi tena, wengine watengeneze mazulia, magunia na vipuri vya magari? Na hizo kilo 96 tutazitupa tena?

Tazameni na mawingu mengine. Mwaka 2023 Ulaya ilitunga sheria kwamba kahawa na kakao zitakazoingia kwao zionyeshwe kuwa hazikutoka katika ardhi iliyokatwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini sheria ipo. Mkulima wa kahawa mwenye ekari moja atathibitisha vipi shamba lake asiposaidiwa mapema? Ruangwa na Mahenge kuna madini ya kinywe, yanayotakiwa kwa betri za magari ya umeme, na watu wanafurahi. Lakini kinywe cha kutengenezwa kiwandani kipo tayari na kinatumika katika betri hizo hizo. Mkonge ulingoja miaka zaidi ya 60 kabla mpinzani wake hajazaliwa. Kinywe mpinzani wake amekwisha kuzaliwa na kukomaa. Na korosho zetu, nyingi huondoka na maganda yake kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Siku wanunuzi hao wakitosheka na za kwao au za jirani zao, Mtwara na Lindi watauliza swali lile lile lililoulizwa Korogwe.

TUNAYOYATAKA

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mambo matatu, mkiyakubali yapelekwe juu kwa njia za chama.

Moja. Kila mwaka Serikali ilete mbele ya Bunge taarifa ya wazi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, juu ya kila zao na kila madini makubwa: nani ananunua, ananunua kwa kazi gani, ni kitu gani kinaweza kuchukua nafasi yake, na nchi imejitayarishaje. Taarifa hiyo isifichwe katika makabati.

Mbili. Sehemu ya ushuru wa kila zao itengwe wakati bei iko juu, ikatafute matumizi mengine ya zao hilo na kazi nyingine za eneo hilo. Ushuru wa korosho ufanye kazi Mtwara. Ushuru wa mkonge ufanye kazi Tanga. Wavumbuzi vijana, mafundi wa gereji na vyuo vya ufundi wapate fungu hilo kwa mashindano ya haki, wala lisiwe la kulipia semina na posho.

Tatu. Wanaoulizwa wasiwe wataalamu wa mjini peke yao. Mkata mkonge hujua jani likikonda kabla mtaalamu hajafika. Dereva wa lori hujua mzigo ukipungua bandarini. Mama anayeuza sokoni hujua watu walipoacha kununua kitu na kugeukia kingine. Kuwasahau watu hawa ni kurudia kosa la kwanza, la kuazima jicho la mwingine.

Na tusingoje Serikali pekee. Twapendekeza kila tawi liwe na daftari moja, na kila mwezi vijana watatu wapewe zamu ya kuandika majibu ya maswali manne: Tunauza nini? Nani anakinunua, na kwa kazi gani? Kitu gani kinaweza kumfanya aache? Tukiachwa leo, tunajua kufanya nini kingine? Daftari hilo ni la shilingi chache. Lakini tawi litakaloliandika kwa miaka mitano halitadanganywa kwa urahisi na mnunuzi, wala na mwanasiasa, hata akiwa ni sisi wenyewe tunaosema hapa.

Ndugu zangu, watangulizi wetu waliidai nchi hii kwa sababu walitaka watu wake wajiamulie mambo yao. Bendera ikapanda mwaka 1961. Lakini taifa lisilotazama mbele bado linaamuliwa: huamuliwa na bei iliyopangwa mbali, na kiwanda kilichojengwa mbali, na sheria iliyoandikwa mbali. Uhuru wa kutumia macho yetu wenyewe hatukupewa siku ile. Huo twaupata kwa kazi, kila mwaka.

Mzee wetu aliyetuuliza juu ya ramli yupo hapa, ameketi mbele. Yeye alifanya kazi ya korona mpaka siku iliponyamaza. Alituambia baadaye kwamba kilichomuuma hakikuwa kupoteza kazi, maana kazi hupotea. Kilichomuuma ni kwamba hakuna aliyewaambia. Basi na tuape leo kwamba watoto wetu hawatasema neno hilo juu yetu.

Uhuru na Kazi!